Kesi ya maji huanza maji yakiwa bado safi

Kijiji kinachosubiri mto ubadilike rangi ndipo kianze kutafuta wakili kimekwisha kupoteza nusu ya kesi. Nalisema hili nikiwa msaidizi wa kisheria huku Rondo, mkoani Lindi, mahali ambapo maji tunayokunywa hayajafikishwa bado mbele ya hakimu. Nalisema sasa kwa sababu sasa ndiyo wakati wake. Katika kesi ya maji machafu, ushahidi mzito kuliko wote ni ule uliokusanywa siku maji yalipokuwa yananyweka.

Wengi wanaonijia wana mambo ya kawaida: mirathi, mpaka wa shamba la mikorosho, baba aliyekimbia matunzo ya mtoto. Lakini miaka ya karibuni limeingia swali ambalo zamani sikuwa nikiulizwa: wakija watu wa madini, maji yakaharibika, tutamshtaki nani na tutamwonyesha nini hakimu? Sehemu ya kwanza ya swali hilo ina jibu katika vitabu vya sheria. Sehemu ya pili jibu lake tunalo sisi wenyewe, na wengi wetu hatujaanza hata kuliandika.

Msomaji asiyeifahamu Rondo aelewe kwanza jinsi maji yetu yalivyo. Huku juu ni uwanda wa udongo wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji hayakai. Yanazama, yanapita chini kwa chini, kisha yanatokeza kwenye mabonde chini ya mteremko kama chemchemi. Upande wa kusini yanashukia Lukuledi, mto unaoingia kwenye ghuba ya Lindi. Upande wa kaskazini yanashukia Mbwemkuru, unaokutana na bahari kati ya Lindi na Kilwa. Kwa hiyo sumu ikimwagwa sehemu moja, atakayeinywa huenda yuko mbali, hajui hata jina la aliyeimwaga.

Rondo imewahi kuona kampuni ikija na kuondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Steel Brothers walivuna mivule ya msitu huu, wakamaliza kazi yao, wakafunga virago. Mti ukikatwa, kisiki kinabaki na kila mtu anaweza kukihesabu. Risasi na zebaki ndani ya maji hazina rangi, hazina harufu, na jicho la mtu haliwezi kuzihesabu. Yanayokuja sasa mkoani Lindi yanatudai macho ya namna nyingine.

Magharibi yetu, Ruangwa, kuna akiba kubwa ya madini ya kinywe, ambayo dunia inayatafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wako wilayani humo kwa miaka. Pwani, gesi ya Songosongo imekuwa ikichimbwa tangu 2004, na Likong'o, karibu na mji wa Lindi, ndipo palipotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi asilia. Simtuhumu mwekezaji yeyote. Vijana wetu wanahitaji kazi na halmashauri zetu zinahitaji mapato. Ila kila mradi wa namna hii una maji yanayoingia na maji yanayotoka, na mwananchi ana haki ya kujua yanatoka yakiwa na nini.

Tuchukue kinywe. Mawe yanasagwa, yanachanganywa na maji, mafuta kama yale ya taa na dawa ya kutoa povu. Kinywe kinapanda na povu na kukingwa juu. Mabaki yote yanakwenda kwenye bwawa la topesumu. Kama mwamba una salfa, mabaki yale yakikutana na hewa na maji hutengeneza tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimetulia ndani ya jiwe. Bwawa likijengwa vizuri, likatandikwa na kulindwa, hayo yote yanabaki ndani. Likivuja, yanafuata njia ile ile ya chini kwa chini ambayo mvua zetu huifuata kwenda kwenye chemchemi.

Kwa dhahabu, nimeshuhudia mwenyewe jinsi lalamiko la haki linavyokufa. Watu wa bondeni walinijia wakisema mwalo mmoja, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, ulikuwa ukimwaga marudio, mabaki ya mchanga uliooshwa, karibu na kijito wanachonyweshea mifugo. Walieleza vizuri: mbuzi wawili walikufa, maji yakawa na utelezi, watoto wakawashwa miguu. Nikawauliza nani alipima, na lini. Hakuna. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Tulipompata mtaalamu wa kuja kuchukua maji, masika yalikuwa yamekipiga kijito kile hadi kikang'aa. Mwenye mwalo akasema maji ya pale yamekuwa hivyo siku zote. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumpinga. Naamini wale watu walisema kweli, na naamini pia kwamba hakimu yeyote mwadilifu asingeweza kuwapa ushindi kwa maneno matupu.

Baada ya hapo nilikwenda kukaa kwenye chemchemi yetu ya bondeni asubuhi nzima, niangalie kuna nini cha kuandikwa. Wanawake walishuka kabla jua halijawa kali. Mmoja alisogeza majani kwa mgongo wa kata, akasubiri vumbi litulie, ndipo akaanza kuteka taratibu, kata kwa kata, bila kugusa chini. Bibi mmoja niliyemkuta amekaa kwenye jiwe aliniuliza ninachoandika. Nikamwambia: "Shikamoo bibi, naandika habari za maji haya." Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema: "Mjukuu wangu, andika kwamba hayana chumvi. Andika kwamba kunde zinaiva upesi ukizipikia maji haya. Mwaka wa ukame yanapungua, lakini hayakatiki." Nikaandika yote. Kwa maneno yake matatu bibi yule alinipa vipimo vitatu: chumvi, ugumu wa maji, na wingi wake wakati wa kiangazi. Kilichobaki ni kuviweka katika namba ambazo mtaalamu wa upande wa pili hawezi kuzikataa.

Wapo wanaodhani kushtaki kwa ajili ya mazingira ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka katika makazi yao: moshi, uvundo, nzi. Ni kesi ya Joseph Kessy na wenzake. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamuru utupaji ule ukome. Halmashauri iliporudi kuomba iendelee kwa muda, jaji alishangaa kuona mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaitegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Mwaka 1991 ikafuata kesi ya Festo Balegele na wenzake 794 wa Kunduchi Mtongani dhidi ya halmashauri hiyo hiyo, kwa sababu ya jalala lililopelekwa kwao. Nao walishinda. Hawa walikuwa watu wa kawaida, na sheria ya mazingira tuliyo nayo leo ilikuwa haijatungwa.

Leo tuna silaha zaidi ya walizokuwa nazo. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria za nchi zinahifadhiwa, na Ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde maliasili ya taifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani si baada ya madhara tu, bali hata pale kitendo kinapoelekea kuleta madhara. Anaweza kuomba kitendo kizuiwe, mazingira yarudishwe yalivyokuwa, na walioumia wafidiwe. Sheria hiyo inakataza pia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayetaka kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Sisi bodi yetu ni ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na ofisi zake ziko Mtwara.

Halmashauri ya kijiji nayo ni mtu mbele ya sheria: inaweza kushtaki na kushtakiwa. Wananchi wengi wenye lalamiko moja wanaweza kuiomba mahakama iwaruhusu wachache wawawakilishe wote. Na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, jambo ambalo kwa mtu wa kijijini ni mlango mkubwa uliofunguliwa. Lakini muda nao una sheria zake: anayedai fidia kwa madhara aliyotendewa ana miaka 3 ya kufungua shauri. Kijiji kinachokaa vikao bila kumbukumbu kinaweza kujikuta mlango umefungwa.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba njia hii ni ndefu na kwamba inafika. Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini mjini Mombasa, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa risasi. Moshi ulitua juu ya mabati, majitaka yakapita kati ya nyumba. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa pale, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Yeye na wakazi wakapima damu, wakahifadhi majibu, wakaandamana, na hatimaye wakaenda mahakamani. Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Waliokufa wakisubiri hawatarudishwa na hukumu yoyote. Hata hivyo, kilichoibeba kesi ile miaka yote hiyo ni damu iliyopimwa na karatasi zilizotunzwa. Machozi peke yake yasingevuka rufani mbili.

Sasa tutazame nyumbani. Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliupiga mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini wananchi tuelewe tofauti ya mambo mawili: faini inaingia serikalini, fidia inaingia kwa aliyeumizwa. Serikali ikimwadhibu mchafuzi, haki ya mwanakijiji ya kudai ng'ombe wake, kisima chake na afya ya mtoto wake inabaki palepale, na ni yeye wa kuidai.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea majini. Wananchi wengi hawakuikubali taarifa ile, na mjadala ukafika bungeni. Ninachojifunza pale ni hiki: kama kila kijiji kando ya mto ule kingekuwa na vipimo vyake vya miaka kumi nyuma, vilivyobandikwa ofisini kwa Kiswahili, taarifa yoyote ya mtaalamu ingekutana na watu wenye namba za kulinganisha. Watu wasio na namba hubakiwa na mambo mawili tu, kuamini au kukataa, na yote mawili hayasaidii kesi.

Mbali kidogo, Zambia, wakazi 1,826 wa Chingola walilalamika kwamba mgodi wa shaba ulichafua maji waliyoyategemea. Waliifuata kampuni mama, Vedanta, hadi London, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kesi yao inaweza kusikilizwa kule. Januari 2021 pande mbili zikapatana, kampuni ikiwa haijakiri kosa. Kwa hiyo hata kampuni ambayo bodi yake hukaa ng'ambo inaweza kuitwa kujibu.

Turudi kwenye kazi ya mikono yetu. Mkulima wa korosho hawezi kuacha magunia yake ghalani akaondoka bila stakabadhi. Tumefundishwa na miaka mingi ya kudhulumiwa kwenye mizani. Maji ni mali kubwa kuliko korosho, na tunayaacha bila stakabadhi yoyote. Mali bila daftari huisha bila habari.

Stakabadhi ya maji inapatikana hivi. Kijiji kiorodheshe vyanzo vyake vyote, kila kimoja kwa jina lake na mahali kilipo. Kiandike barua kwa bodi ya bonde, kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kwa maabara ya maji, kuomba vipimo mara mbili kwa mwaka: masika na kiangazi, kwa sababu maji ya misimu hiyo miwili hayafanani. Vipimwe kiwango cha tindikali, chumvi, tope, na metali nzito kama risasi, zebaki na aseniki. Chupa itoke maabara ikiwa safi. Isuuzwe kwa maji ya chanzo chenyewe kama mtaalamu atakavyoelekeza, ijazwe, ifungwe na kubandikwa karatasi yenye jina la chanzo, tarehe, saa na jina la aliyeichukua. Mashahidi wawili wa kijiji watie saini. Iwekwe kwenye boksi la barafu na kupelekwa siku ile ile, na kila anayeipokea aandikishe jina lake. Wakili wa upande wa pili huanzia hapo hapo: chupa hii ililala kwa nani? Kijiji kiwe na jibu.

Majibu yakirudi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuingizwa kwenye muhtasari, nakala ibaki ofisini na nyingine kwa kamati ya maji. Na mradi wowote unapokuja, kijiji kiombe tathmini ya athari kwa mazingira, angalau muhtasari wake wa Kiswahili, kisome kilichoahidiwa kuhusu majitaka, kisha kidai ahadi ya maandishi ya nani atapima na lini. Ahadi iliyomo kwenye tathmini ni mahali pazuri pa kuanzia madai.

Najua jibu la kwanza litakuwa pesa. Vipimo vya metali nzito ni ghali kwa kijiji. Lakini makampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yao ghafi. Nazitaka halmashauri za Mtama, Ruangwa, Nachingwea na Kilwa zitenge sehemu ya ushuru huo, kila mwaka, kwa ajili ya kupima maji ya vijiji vinavyopakana na migodi na mitambo. Ni haki kwamba fedha itokayo kwenye mradi ilinde maji yaliyo karibu na mradi.

Jibu la pili litakuwa kwamba tunawatisha wawekezaji. Mwekezaji anayefanya kazi kwa uaminifu ananufaika na vipimo hivi kuliko mtu mwingine. Kama maji ya kijiji yalikuwa na chumvi au aseniki ya asili kabla hajaja, karatasi itamtetea asisingiziwe. Atakayeogopa karatasi ile ni yule tu anayepanga kusema, siku ya siku, kwamba maji ya pale yamekuwa hivyo siku zote.

Bunge nalo lina deni. Anayetaka kuishtaki serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Katika ugomvi wa mkataba, siku 90 ni muda wa kupatana. Katika bwawa linalovuja, siku 90 ni msimu mzima wa watoto kunywa sumu. Nayo marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliyomtaka anayedai haki za Katiba aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi yalipingwa mahakamani, na kwa haki kabisa: mto haumuathiri mtu mmoja, na anayeutetea hapaswi kusubiri awe mgonjwa kwanza. Mambo ya maji na mazingira yapewe njia fupi.

Sisi wasaidizi wa kisheria tumezoea kuitwa mambo yakishaharibika. Safari hii tuiteni mapema. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Wenyeviti wa vijiji vya Rondo, na wenzenu wa mabonde yote hadi pwani ya Kilwa: katika mkutano ujao ajenda ya kwanza iwe vyanzo vya maji. Tajeni kila chemchemi, waandikeni wazee wanaoijua, teueni mashahidi wawili, na barua ya kuomba vipimo itoke kijijini kabla mkutano haujafungwa.